Nguo Iliyofika na Mafundo Yake

Namakwekwe, Mbale
Jumapili, 14 Januari 2024

Mwanangu Nasiba,

Amani ya Mungu ikukute hapo ulipo, na ubaridi wa ziwani usikupe kikohozi. Huku kwetu wazima sote. Goti langu linauma kidogo mvua ikitaka kuja, lakini hilo umelizoea. Dada yako Zaituni amenenepa kwa furaha ya uchumba, anajitazama kwenye kioo mpaka chai inapoa. Paka amezaa ndani ya kapu langu la ukindu, kwa hiyo nimeacha kusuka kawa mpaka watoto wake wafungue macho. Nifanyeje? Nimfukuze mzazi?

Usicheke mwandiko wangu. Mwalimu wa darasa la akina mama pale msikitini amesema tuandike, tuandike, la sivyo mkono utasahau. Tena simu siitaki kwa mambo yetu. Ukisema na simu humu ndani, shangazi yako Bushira anajibu kabla ya wewe kujibu. Barua nampa Isabirye, yule dereva wa taksi ya Jinja. Nikimkabidhi bahasha ananipigia saluti: "Afande mama!" Ati kwa sababu nasema naye Kiswahili, lugha ya askari. Namwacha. Baba yako alikuwa askari kweli, Mungu amrehemu, na Kiswahili hiki ndicho nilichofundishwa kuandika kule kambini, mpaka darasa la tatu basi.

Sasa sikiliza. Tangu baba yako aondoke, neno la kwanza nyumba hii ni la shangazi yako, wewe unajua. Amekubali ukae Jinja kwa huyo mama wa Kihindi, lakini amesema mbele ya watu: mwisho ni harusi ya Zaituni, baada ya Idi kubwa. Siku hiyo ukoo uone kwa macho ulichojifunza. Usipokuwa na kitu cha kuonyesha, unarudi kukaa naye kwenye kibanda chake Nakaloke, kuuza vitenge. Nami nilisema ndiyo. Ningesema nini, nilitaka uende.

Unakula? Unalala wapi? Huyo mama ana mbwa?

Mimi mama yako,
Faridah


Jinja
Ijumaa, 2 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Nimebusu barua yako kabla ya kuisoma. Mwandiko ni mzuri kuliko wa Zaituni, na umwambie nimesema. Nakula. Nalala chumba cha nyuma, kina dirisha na chandarua. Mbwa hakuna. Kuna kasuku, anatukana kwa Kigujarati.

Mama Jenabai ni Mwislamu kama sisi. Watu wake ni wa Kachi, India, na kufunga nguo huku ni kazi ya ukoo wao tangu zamani. Yeye amezaliwa hapahapa Jinja, Wahindi walipofukuzwa nchini akaenda mbali, akarudi mzee. Mabinti zake wako ng'ambo, wanavaa suruali za jinzi, hakuna anayetaka kukaa chini afunge. Kwa hiyo ananifundisha mimi, na ni mkali, Mama! Shangazi mbele yake ni malaika.

Kazi yenyewe inaitwa bandhani. Unachukua kitambaa cheupe, laini. Unakibinya na ukucha wa kidole cha mwisho mpaka kinasimama kama punje ya ulezi. Punje hiyo unaizungushia uzi, unakaza, unahamia nyingine bila kukata uzi. Halafu nguo inaingia kwenye rangi. Pale palipofungwa rangi haifiki, panabaki doti nyeupe. Ukitaka doti za njano, unatia nguo njano kwanza, unafunga tena, ndipo unatia nyekundu. Rangi nyepesi kwanza, rangi nzito baadaye. Ukikosea kufuatana huko, hakuna dawa.

Mimi bado nafunga matambara. Juzi nilifunga safu nzima, nikajiona fundi. Jenabai akaivaa miwani, akachukua mkasi, akakata uzi wote. "Hizi ni punje za mahindi," akasema. "Nilikuomba ulezi."

Nimefuga ukucha mmoja, mkono wa kushoto. Bila huo hushiki punje. Nakutumia tambara langu la kwanza alilokubali. Usimwonyeshe mtu.

Mwanao,
Nasiba


Namakwekwe
Jumapili, 25 Februari 2024

Nasiba mwanangu,

Salamu nyingi kama mvua ya juzi, iliyoingia mpaka jikoni. Paka na watoto wametoka kapuni, nimerudi kwenye kawa zangu. Zaituni anakusalimu, amekasirika kidogo kuhusu mwandiko.

Tambara nimemwonyesha kila mtu. Nisamehe. Nimelitundika juu ya mlango wa chumba. Jirani wakija kuomba moto wanauliza, mimi nasema: "Hiyo ni ya Nasiba, amefunga kwa mkono, kila doti ni kidole chake." Shangazi yako alisimama akalitazama mikono kiunoni. "Kumbe," akasema, "mtoto amekwenda Jinja kuambukiza nguo tetekuwanga." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, halafu nikaingia ndani. Akanifuata na maneno: vitenge vyote vinakuja vimeshatiwa rangi kiwandani, nani atamngoja mtu afunge punje moja moja kama anafunga mbuzi? Lakini tambara halikushuka mlangoni.

Sasa huo ukucha. Nasiba! Mtoto wa Kiislamu na ukucha mrefu? Maji ya udhu yanapita chini yake? Unasafisha na nini? Unakula na mkono upi? Mimi silali. Nakuomba uukate. Kama hauwezi kukatwa, basi usugue na limau kila asubuhi, na usijikune nao machoni.

Nimempa Isabirye kopo la simsim ya kusaga. Amesema: "Afande mama, hii haitafika Jinja." Nikamwambia nimehesabu vijiko. Kama limepungua niambie.

Mama yako


Jinja
Jumapili, 28 Aprili 2024

Mama yangu,

Nimekaa kimya mwezi mzima wa Ramadhani, najua, na Idi imepita nikakupigia simu dakika mbili tu Shangazi akiuliza nyuma yako "anarudi lini". Simsim ilifika, kopo limejaa. Isabirye ni mtu mwaminifu.

Ukucha nausugua na limau. Jenabai ameona, akacheka mpaka kasuku akashtuka. Amesema hata mama yake alimwambia hivyohivyo. Yeye ukucha wake uliisha kwa uzee, siku hizi anavaa pete yenye ukucha wa chuma, ya mama yake. Pete hiyo inakwenda kwa anayefuata. Sikuuliza nani.

Nguo ninayomfungia Zaituni kwa harusi sikuambii ikoje. Usiniulize na usimtume Zaituni aniulize. Jenabai amenipa kitambaa kipana cha pamba, chembamba kama utando wa maziwa, akasema, "Hiki hakina ndugu. Ukikiharibu, umekiharibu." Macho yananiuma kidogo jioni, si sana. Usiogope.

Ninakuomba kitu kimoja. Ile kawa yako kubwa ya zamani, yenye nyota katikati, nitumie. Nzi hapa ni wengi, nataka kufunikia chakula.

Mwanao mwenye ukucha,
Nasiba


Namakwekwe
Jumapili, 2 Juni 2024

Nasiba,

Salamu. Sisi wazima. Kawa natumaini inakufaa kwa nzi. Zaituni ameanza kukaa ndani kama ilivyo desturi, hatoki juani, amekuwa mweupe na mkali.

Kifurushi cha nguo kimefika. Isabirye amekileta mwenyewe mpaka mlangoni. Nimesoma na kile kikaratasi: nisiikunjue, nisiipige pasi, niiache ilivyo mpaka siku ya hina. Nimeiacha.

Nina maswali tu. Huyo mama, mkianza kufunga, mnasema bismillahi? Uzi anautoa wapi? Kuna mtu mwingine anagusa hiyo nguo? Na anapofunga, anapuliza?

Nijibu upesi.

Mama yako


Jinja
Jumapili, 9 Juni 2024

Mama,

Maswali yako yamenichekesha! Darasa la akina mama mmeanza kusoma ufundi? Haya, najibu yote.

Bismillahi tunasema, Jenabai hagusi kitambaa bila hiyo. Uzi unanunuliwa hapa Jinja, dukani kwa Nangobi, tunaupaka nta kidogo usiteleze. Nguo yako sijaruhusu mtu kuigusa, hata Jenabai aliitazama tu, mikono nyuma. Mafundo yote ni ya mkono wangu.

Na ndiyo, anapuliza! Umejuaje? Uzi unapita ndani ya kijibomba chembamba cha plastiki, ndicho tunachoshika mkononi ili uzi ukimbie vizuri. Uzi ukikwama, unaweka mdomoni, unapuliza, unatokea upande wa pili. Mimi pia napuliza sasa. Napuliza siku nzima, mashavu yamekuwa ya mpiga tarumbeta.

Shangazi ameiona? Amesema nini?

Nasiba


Jinja
Jumapili, 23 Juni 2024

Mama yangu,

Idi kubwa imepita na hukuniandikia. Isabirye namuuliza kila akija stendi, anatikisa kichwa: "Afande hajaleta kitu." Simu ukipokea unasema "tuko salama, tuko salama", unakata. Goti linauma? Nimekukosea? Nguo imefika na doa?

Ningekuja leo, lakini hapa kuna desturi ambayo sikukuambia. Kwa akina Jenabai nguo ya bibi harusi haifunguliwi na aliyeifunga. Inatoka kwa fundi na mafundo yake yote, hivyohivyo imejikunja kama uso wa bibi kizee. Ndiyo alama kwamba ni kazi ya mkono, haijavaliwa na mtu. Watu wa bibi harusi ndio wanaoifungua. Fundi anangoja habari. Jenabai alingoja yake siku nyingi akiwa msichana, na mpaka sasa akisimulia anakunja vidole. Habari ikirudi njema, ndipo mtu anaitwa fundi. Kwa hiyo nitakuja Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nguo ikiwa imeshafunguliwa.

Siku ya hina shika pembe moja, mwenzako ashike pembe ya mkabala, mvute kwa nguvu, mshazari. Msitie wembe. Itatoa sauti, msiogope. Uzi utaruka wenyewe.

Hata mimi sijaiona, Mama. Nimeifunga yote, sijui ikoje.

Nasiba


Namakwekwe, Mbale
Jumatano, 3 Julai 2024, jioni

Mwanangu, fundi wangu,

Salamu ya leo si ya kawaida. Nakusalimu na mikono yenye hina mpaka kwenye kifundo, ukiona alama nyekundu kwenye karatasi si damu. Zaituni mzima. Goti zima. Paka ana mimba tena. Kaa chini usome pole pole.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hofu, na hofu yangu sikutaka ikufikie ukiwa na kazi mkononi. Kifurushi kilipofunguliwa hapa, ndani tuliona kitu chekundu, kidogo kama kilemba cha mtoto, kigumu, kimejaa mafundo. Mafundo, Nasiba! Hakuna pa kuweka kidole. Shangazi yako akarudi nyuma mpaka ukutani. "Faridah, funika hicho kitu! Rangi imeshaingia, kazi imekwisha, kwa nini mafundo hayakufunguliwa? Mafundo haya ni ya nani?" Halafu akasema lile ambalo mimi sikutaka kulisema. Kila siku tunaomba kinga dhidi ya wachawi wanaopuliza kwenye mafundo, na leo yameletwa ndani ya nyumba, kwa bibi harusi, na kikaratasi kinachosema yasifunguliwe mpaka siku ya hina.

Nikasema, mtoto wangu hawezi. Akasema, mtoto wako hajui alichobebeshwa. Akataka kuchoma moto. Nikaichukua nguo nikaitia ndani ya kapu la ukindu nikalikalia. Wallahi nililikalia, kama kuku. Nikasuka kawa juu yake mchana wote.

Ndipo nikakuandikia yale maswali. Nawe ukajibu: ndiyo, anapuliza, na mimi napuliza! Nilisoma barua ile nimesimama jikoni, posho ikaungua sufuriani.

Nikaenda kwa sheikh na kapu langu. Akaigeuza nguo, akaigeuza. "Mama," akasema, "mimi nguo sijui. Mtoto wako anaswali?" Nikasema anaswali. "Mwongo?" Nikasema, alipokuwa mdogo aliiba sukari akaja kuniambia mwenyewe. "Basi umekuja kuniuliza mimi kitu gani?" Nikarudi nyumbani na kapu, nimeona haya njia nzima.

Barua yako ya mwisho ikaja, ikaeleza. Nikamsomea shangazi yako herufi kwa herufi. Akasema, karatasi inasema chochote. Basi tukafika leo.

Wanawake walijaa uani, wa hapa na wa Nakaloke na wa Nkoma. Hina imekandwa, ngoma ndogo inapigwa, Zaituni kwenye mkeka. Nikasimama na kapu. Nikasema: "Mwanangu mdogo ameleta nguo ya dada yake. Imefungwa, tutaifungua hapa." Nikatoa. Ngoma ikanyamaza. Ilikuwa kama nimetoa kitu kilichokufa. Mmoja akanong'ona, mwingine akavuta mtoto wake. Nikampa Zaituni pembe. Aliishika, akamtazama shangazi yako, akaiachia. Masikini, si kosa lake, bibi harusi anaogopa hata kivuli.

Nimebaki na pembe moja mkononi, nyingine chini. Nasiba, kama ningeikunja pale nikairudisha kapuni, wewe ungekwenda kuuza vitenge mpaka uzeeke, na mimi ningekuwa nimekubali mbele ya watu wote kwamba nimezaa mchawi. Nikasema, sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Bushira, shika wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Unaogopa?"

Wanawake wakasema "eeee!" Shangazi yako, unamjua, aambiwe anaogopa mbele ya watu? Akajifunga leso kiunoni, akasoma kisomo chake chote cha kinga, akatema pembeni, akaokota ile pembe na vidole viwili kama anashika panya. Nikasema bismillahi. Tukavuta.

Mwanangu, ile sauti! Ta-ta-ta-ta, kama simsim kwenye kikaango. Nyuzi zikaruka, zikaingia kwenye nywele, kwenye hina, kwenye chai. Ilikuwa fupi mkononi mwangu, ikaanza kukua, mimi narudi nyuma, Bushira anarudi nyuma, nguo inakua katikati yetu, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa jiko na yeye yuko mlangoni, na bado inakuja. Nyekundu ya pilipili iliyoiva, na doti, nyeupe na njano, ndogo kama ulezi. Ulezi kweli, mwambie Jenabai!

Nikatazama katikati. Nikaona nyota yangu. Duara ndani ya duara, meno yanazunguka kulia, nyota katikati, kawa yangu ya zamani, na hata pale pembeni niliposuka vibaya nikiwa na mimba yako, ulipafunga vibaya vilevile. Nzi wako nimewaelewa leo, mwongo wewe. Nilikuwa nimemwapia sheikh kwamba husemi uongo.

Sikulia. Waliolia ni wengine. Vigelegele vilivyopigwa vilileta watu wa boda kutoka barabarani kuchungulia, tukawafukuza. Zaituni akaikimbilia mwenyewe, akajifunika, haivui mpaka sasa, amelala nayo. Na mimi nilizunguka uani kwa kila mgeni, mmoja mmoja, hata wale waliokuwepo wakaona. "Umeona? Ni ya Nasiba. Amefunga kwa mkono." Mpaka wakachoka nami.

Halafu nikamtafuta shangazi yako. Nikamkuta amechuchumaa anaokota nyuzi chini, anazinyoosha kwenye goti. Akaniuliza bila kunitazama: "Kila doti, fundo moja?" Nikasema ndiyo. "Na vidole vyake viko vizuri?" Nikasema viko vizuri. Akaokota tena. Sasa hivi yuko hapa nyuma yangu, amechukua kipande cha leso kuukuu anajaribu kubinya punje, haimtoki hata moja, anatukana. Amesema kibanda chake kina ukuta mtupu upande wa jua, nguo kama hii ikitundikwa pale, Nakaloke yote itasimama.

Ameniambia niandike neno lake kama alivyolisema, nisibadilishe. Andika hapo, amesema: Nasiba asirudi. Aje harusini ale, acheze na dada yake, halafu arudi kwa yule mama, asitie mguu kukaa Mbale kabla hajamaliza kila kitu anachokijua yule mama. Nikimkuta hapa namfukuza na ufagio.

Isabirye anaondoka alfajiri na barua hii, utaipata kesho kabla ya adhuhuri. Ukishaisoma, msomee Jenabai. Mwambie habari imerudi, nguo imefunguliwa na haina doa. Mwambie mama yako amesema avue ile pete akuvishe, kama hana mwingine, na hana.

Ukishavaa hiyo ya chuma, tafadhali mwanangu, uukate ule ukucha.

Mimi, mama wa fundi,
Faridah